Wifi, hela ya Juni si hela ya Machi

Leeds, Uingereza
3 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote mfikishie mama shikamoo yangu, umwambie kile kikohozi kimekwisha, asinipigie tena usiku kuniuliza kama nimejifunika. Mumeo msalimie, na wanangu wote wanne. Mimi mzima. Baridi imeanza kulegea, leo nimetoka kazini bila kofia kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliposema hela ya matumizi iliisha tarehe 19 ukaanza kukopa dukani, nikasikia unavyojikaza usilie. Nikuambie ukweli, mwanzo nilikasirika. Ndiyo maana nikakuomba uniandikie ulichonunua mwezi wa tatu. Uliponiletea ile orodha bila kuficha hata kiberiti, hasira yote iliniishia ndani ya basi. Nyanya nne nne kwa bei ya kutisha. Unga wa kilo moja moja. Maharage nusu kilo leo, nusu kilo keshokutwa. Karibu kila kitu umekinunua wakati wa bei ya juu, tena kwa kipimo kidogo ambacho ndicho ghali siku zote. Wifi, hilo si kosa lako. Mimi ndiye ninayetuma kiasi kilekile kila tarehe moja, kana kwamba Tabora ya Machi na Tabora ya Julai ni soko moja. Nimekuandikia nikuombe tubadilishe utaratibu, na wa kwanza kubadilika ni mimi.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa kwanza huku, mwezi wa Januari, nilishikwa na hamu ya embe. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kule ninakohudumia wazee, saa moja na nusu asubuhi na nje bado giza. Nikaingia dukani nikakuta maembe yamepangwa, kila moja limevikwa wavu wake. Nikachukua matatu, na mchicha kidogo kwenye nailoni, na muhogo uliopakwa nta usioze njiani. Nilipofika nyumbani nikalikata embe, nikalinusa. Halikuwa na harufu yoyote. Nililila nimesimama jikoni, machozi yananitoka. Ile ilikuwa hela yangu ya chakula ya wiki nzima, na mwezi ule ndio niliowatumia nusu nikasema nimekatwa kodi. Sikuwa nimekatwa, wifi. Nisamehe, na mama aniwie radhi.

Baada ya pale ndipo nikaanza kwenda soko kuu la hapa, linaitwa Kirkgate. Upande wa nje wauzaji wanapanga matunda na mboga kwenye mabakuli, bakuli pauni moja, kama mafungu ya kwetu kabisa. Jioni wakikaribia kufunga wanaongezea, kwa sababu kitu laini hakilali. Nikanunua daftari. Mwaka mzima niliandika kilichojaa kwenye mabakuli kila Jumamosi. Juni stroberi, Agosti maharage mabichi ya maganda, Septemba matufaha mpaka yanamwagika. Tarehe 31 Oktoba wana sherehe yao ya kuchonga maboga sura za kutisha na kutia mshumaa ndani, na kesho yake maboga yaliyobaki madukani yanauzwa bei ya kutupa. Mimi hubeba manne. Yana maji mengi, hayafiki utamu wa boga letu, lakini nikiyapika na karanga za kusaga nakula wiki nzima nikiwa nimeshiba vizuri.

Na sasa hivi, Aprili na Mei, mabakuli yamepungua. Utashangaa, maana miti imechanua na jua linawaka, lakini mboga zilizovumilia baridi zimekwisha na mpya hazijakomaa. Wenyewe wana jina la majira haya, kwa Kiswahili ningesema pengo la njaa. Kinachopatikana ni kabichi changa, na mashina mekundu yaitwayo rhubarb, machachu kama ukwaju, majani yake sumu. Vijiji vya jirani na hapa huyakuza gizani ndani ya mabanda wakati wa baridi na kuyavuna kwa mwanga wa mishumaa. Niliposikia hilo jina la pengo la njaa, mawazo yalinipeleka moja kwa moja kwenye Februari ya kwetu, mvua inanyesha, kila kitu kijani, mahindi shambani bado machanga na gunia la ndani linakung'utwa.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Kuanzia mwaka huu, Juni na Julai nitatuma mara mbili ya kawaida. Zamu za ziada nimeshaziomba tangu Februari na hela yake nimeitenga. Januari hadi Machi nitatuma pungufu kidogo, na usishtuke, maana ghala litakuwa na kitu. Ada na sare za Januari ni fungu lake, halitaguswa.

Kubwa ni mahindi. Juni mumeo aende mwenyewe vijijini Uyui akanunue magunia sita, asisubiri yafike kwa dalali wa mjini. Hela ya kusagisha kidogo kidogo ni nafuu kuliko unga wa pakiti, hili unalijua kuliko mimi. Ila msiyafungie kabla hayajakauka. Kipimo chake ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, yarudishe juani. Kisha mtie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe mdomo wake, na isifunguliwe hovyo. Mama atakuelewa haraka, maana dumuzi aliingia nchini kwetu kupitia Tabora hapohapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu walipoona anavyobomoa mahindi wakampa jina la Scania. Mdudu yule ndani ya mfuko wa namna hii anakosa hewa, anakufa. Karanga nazo mnunue sasa zikiwa mpya, lakini uzichambue kwa mkono moja moja. Iliyosinyaa, iliyooza au yenye ukungu itupe, usiwape hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha.

Maharage ya Kasulu nunua debe zima yakishuka na treni. Mchele utakuwa umeshuka bei kuanzia Juni ukitoka Igunga na Nzega. Nyanya subiri kiangazi, Agosti hivi, zikiwa za kumwaga, ukate vipande, unyunyizie chumvi, uanike. Mvua ikija na ukungu ukazishambulia shambani, wewe utakuwa unaloweka za kwako. Vitunguu pia ni vya kiangazi, vining'inizwe penye hewa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwenye matobolwa. Uliniambia watoto wanayakataa, wanasema ni chakula cha njaa, na yule mkubwa anaona haya kuyabeba shuleni. Jambo hili limeniumiza kuliko hata deni la dukani. Mwambie akae na mama siku anayoyatengeneza. Mama huchemsha viazi vitamu na maganda yake, halafu huvimenya vingali moto huku akipuliza vidole, huvikata vipande vinene na kuvitandaza kwenye mkeka juu ya bati la jikoni. Siku ya pili vinaanza kugeuka rangi kama asali ya Sikonge. Siku ya tatu ukikunja kipande kinapinda, hakivunjiki, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nikipanda kuviiba. Vikikauka sawasawa vinagongana kama kokoto. Ukiviloweka na kuvipika na karanga za kutwanga, mtu mzima anashinda navyo mpaka alasiri. Huku vipande vya matunda yaliyokaushwa vinauzwa kwenye pakiti isiyojaa kiganja, na watu wenye kazi nzuri ndio wanaovitafuna ofisini. Mwanangu asione haya. Na mwaka huu mtafute viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A ya macho na kinga. Fanyeni magunia mawili, moja la matobolwa na jingine la michembe, vile vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, maana michembe haili mkaa wakati wa kutengeneza.

Nsansa nayo mama asiiache. Majani ya kunde yatakuwa mengi tena kuanzia Desemba, yachemshwe kidogo tu, kisha yaanikwe kivulini penye upepo. Nasema kivulini kwa sababu jua kali linapunguza hiyo hiyo vitamini A tunayoitafuta. Zamani nyumbani tuliyaanika popote, sasa tumejua.

Miezi ya mvua ina neema zake, wifi, tatizo tunazipita tukienda kununua kabichi. Novemba na Desemba embe ni la kuokota, watoto wale washibe, na yale yanayozidi uyakate vipande na kuyaanika badala ya kuyaacha yaoze chini ya mti. Uyoga wa kichuguu ukitoka, hiyo ni siku ya nyama, huna haja ya kwenda buchani. Ila nunua kwa yule bibi ambaye mama anamjua tu, uyoga hauna kubahatisha. Mlenda, msusa wa majani ya maboga, matembele, vyote vinakuja wakati unga ni ghali, kana kwamba vimetumwa kusaidia.

Na katika siku za kawaida nina ombi moja tu: usiamue mboga ukiwa nyumbani. Nenda sokoni kwanza uone kilichojaa leo, kisha ndicho kipikwe. Nimeona kwenye orodha yako ulinunua bamia za bei kwa sababu Jumanne ni siku ya bamia, na siku hiyohiyo naamini matembele yalikuwa yanagaiwa. Maharage pika kilo nzima mara moja, uyaloweke usiku ili yasile mkaa. Siku ya kwanza wali maharage, siku ya pili yaliyobaki yatie kwenye viazi au kisamvu, hakuna atakayelalamika. Kamulia ndimu kidogo au wape embe baada ya kula, madini ya chuma ya maharage na majani yanapokelewa vizuri mwilini. Chai ya rangi isubiri kama saa moja, maana inayazuia. Hili nalisema kwa ajili ya mama, na kwa ajili yako unayenyonyesha.

Karibu na bomba pia naona pana nafasi ya viroba vitano vya udongo na samadi. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, mchicha wa Agosti hauhitaji mvua. Ukipanda kiroba kimoja kila wiki, utakuwa unachuma huku kingine kinaota. Watoto wamwagilie maji ya kuoshea mboga.

Ombi jingine, na hili ni la moyo. Nunua daftari la kurasa mia, ukae na mama jioni, umuulize mwezi baada ya mwezi alikuwa akitulisha nini tulipokuwa saba na mshahara wa baba mmoja wa reli. Sikumbuki kulala njaa hata siku moja, na sikuwahi kumuuliza alifanyaje. Andika kwa maneno yake, kwa Kinyamwezi pale anapotumia Kinyamwezi. Ukimaliza kila mwezi nipigie picha ukurasa unitumie, nami nitakutumia za kwangu za hapa Leeds. Tutaanza na Mei kwa kuwa tumo ndani yake. Mei mama alikuwa akipika nini? Mimi nakumbuka mahindi ya kuchoma na karanga mbichi za kuchemsha na chumvi, zaidi ya hapo sikumbuki.

Jumapili nitapiga baada ya adhuhuri ya huko. Mumeo awepo, tuongee habari ya magunia.

Kuhusu dagaa usichelewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na unakumbuka ulivyonitumia picha ya kile kifungu kidogo cha dagaa wa Kigoma ukaniuliza kama naamini bei yake. Inawezekana wakafunga tena, na hata wasipofunga, dagaa wakavu hawadai friji. Leo ni tarehe tatu, bado siku kumi na mbili. Nunua debe moja, waangalie wasiwe na mchanga wala harufu ya ukungu, uwaanike tena kutwa moja kabla ya kuwafunga. Hela yake nimeituma leo asubuhi peke yake, usiichanganye na ile ya matumizi.

Wifi yako akupendaye