Tusimsahau dundu wa mavi

Mhariri,

Naandika kuhusu kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Huku Kakamega tunahesabu miche tu na kumsahau dundu wa mavi, mpanzi asiyedai mshahara. Kima wakila matunda msituni, mbegu hutoka na kinyesi. Zikibaki juu ya ardhi, nyingi huliwa na panya. Dundu hukifukia kinyesi hicho kiwe chakula cha mabuu wake, na baadhi ya mbegu huzikwa humo humo, penye unyevu na rutuba. Nzi nao hukosa pa kuzalia. Australia iliagiza dundu kutoka Afrika kuanzia miaka ya 1960 baada ya kulemewa na mavi ya ng'ombe. Sisi tunao bure!

Kinachonitia wasiwasi ni dawa ya minyoo. Ng'ombe aliyepewa ivamektini hunya mavi yenye mabaki ya dawa kwa siku kadhaa hadi majuma kadhaa, na mabuu hufia humo. Maafisa wa mifugo wa kaunti wakubaliane na Shirika la Misitu: ng'ombe aliyetibiwa asilishwe msituni kwa majuma kadhaa, na mfugaji aelezwe hivyo siku ile ile ya sindano.

Msomaji,
Kakamega