Jumapili saa tatu asubuhi

Bukavu, Jumamosi jioni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi toka huku. Barua yako imefika. Unasema kuacha kusali hakukukuuma sana; kinachokuuma ni Jumapili saa tatu asubuhi, avenyu nzima inapopita mlangoni mwako na vitenge vilivyopigwa pasi, na wewe umebaki kitandani na simu mkononi. Halafu ukauliza: kama hakuna aliyetuumba kwa kusudi, tunaishi kwa ajili ya nini?

Swali hilo kubwa tuliweke kando kwanza, maana naona ni lile dogo linalokusumbua zaidi. Kanisa lilikupa majibu, sawa, ila lilikupa pia ratiba: saa ya kuamka, shati la kufua, wimbo wa kuimba kwa sauti kubwa, mtu wa kukushika mkono, na mwingine wa kuuliza uko wapi siku ukikosekana. Majibu umeyarudisha mwenyewe. Ratiba nayo iliondoka siku hiyo hiyo, na hujaweka kitu mahali pake. Watu wengi wakiacha dini wanahangaika kutafuta falsafa ya kuziba pengo ambalo kwa kweli ni pengo la saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo nakushauri jambo moja: furaha ndogo itengewe saa yake, ifanywe kwa mikono toka mwanzo hadi mwisho, na pawe na mtu anayeingojea. Ile ya kusema "nitafanya nikipata nafasi", unajua mwenyewe inavyoishia.

Anza na kahawa. Kivu yetu inalima arabika inayonunuliwa mpaka Ulaya na Marekani, na nyumbani tunakunywa ya unga wa kopo. Aibu hiyo tuiache. Nunua kahawa mbichi iliyokwisha kukobolewa, ya Idjwi, Kalehe au Kabare, uichambue mezani: toa punje nyeusi, zilizovunjika, na zenye matundu ya wadudu. Chache zilizooza zinatosha kuharibu birika zima. Pima gramu 200, usizidishe, kwa sababu sufuria ikijaa za chini zinaungua na za juu hazijaiva. Sufuria iwe nzito. Makala kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yawe yameshika vizuri, mekundu, bila ndimi za moto. Kisha koroga kwa mwiko bila kupumzika.

Dakika tatu nne za kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Punje zinatoka kwenye kijani zinakwenda kwenye manjano, na harufu yake ni ya nyasi. Baadaye harufu inageuka, inakuwa ya mkate. Kati ya dakika ya 8 na ya 12 zinaanza kupasuka, ta, ta, ta, huku moshi mwembamba ukipanda. Mlio huo ukianza kupungua, ngoja dakika moja, au moja na nusu, utoe. Ukichelewa mpaka mlio wa pili, ule wa haraka na mdogo zaidi, mafuta yanatokeza juu ya punje na uchungu unafunika ladha nyingine zote. Mimina kwenye ungo, toka nje, pepeta. Maganda yanaruka na upepo na punje zinapoa. Ukiziacha zirundikane, joto lake lenyewe linaendelea kuzipika hata kama zimeshatoka motoni. Zile gramu 200 zitabaki kama 170, maana maji yametoka.

Inaharibika kwa njia mbili. Moto ukiwa mkali, nje panakuwa peusi na ndani pabaki pabichi, na ukinywa unasikia uchachu wa nyasi. Moto ukiwa hafifu, dakika 20 zinapita, punje zinakauka bila kupasuka sawasawa, na kahawa haina ladha ya kitu chochote. Hiyo ya pili ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu rangi inatoka nzuri.

Usiitwange usiku huo huo. Punje zilizotoka motoni zinaendelea kutoa gesi kwa saa nyingi, na ukizichemsha mapema gesi hiyo inayazuia maji kuingia vizuri. Ziache zilale ndani ya kopo, kifuniko kisikazwe. Ndiyo maana kukaanga ni kazi ya Jumamosi jioni na kunywa ni kwa Jumapili. Asubuhi twanga kwenye kinu, upime gramu 15 kwa kikombe cha mililita 250, ndiyo vijiko vitatu vya chakula visivyojaa sana. Sisi wa Bukavu na ninyi wa Goma tunaishi kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95, hayafiki 100. Maharagi yanatutesa kwa sababu hiyo hiyo, yanamaliza makala bila kulainika. Lakini kahawa inazipenda nyuzi hizo. Watu wa pwani wanangoja maji yapoe kidogo. Wewe mimina yakiwa yanatokota, uache dakika nne, uchuje.

Sasa tazama faida yake. Dakika zote 12 za mwiko, simu hukuigusa, kwa sababu ungeigusa kahawa ingeungua. Tena Ijumaa mwambie jirani kwamba Jumapili saa tatu kuna kahawa kwako, naye aje na mandazi. Akishajua, huwezi tena kubaki kitandani. Na hapo lile swali lako kubwa linaanza kulegea, kwa sababu kwa mtu asiyesali, maana ya maisha iko karibu sana na kungojewa.

Hata mmea unangoja. Huko Goma najua kiwanja ni mawe ya volkano, jembe haliingii, basi lima ndani ya gunia. Chukua gunia la mchele au la sukari. La sementi liache, linachanika upesi na vumbi lake linaharibu udongo. Changanya makarai mawili ya udongo kwa karai moja la samadi iliyokwisha kuoza kabisa. Samadi ikiwa bado ina joto ukiishika, itaunguza mizizi. Katikati ya gunia simamisha kopo kubwa lisilo na kitako, ulijaze vijiwe vya volkano (hivyo huko havinunuliwi), ujaze udongo pembeni, ulivute juu, ujaze tena, mpaka upate nguzo ya mawe toka chini hadi juu. Maji yatapita hapo. Bila nguzo hiyo, juu panakuwa tope na ubavuni pakavu.

Panda lenga-lenga, yaani mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na konzi la mchanga ndipo uzinyunyize, ufunike kwa udongo wa nusu sentimita tu. Wanaofunika sana wanakaa wiki mbili wakisema mbegu ni mbaya. Zinaota ndani ya siku 4 hadi 7. Baada ya wiki nne unakata, ukiacha kisiki cha sentimita 10 au 15, nacho kinachipua tena. Mwagilia asubuhi kabla hujanywa chochote. Wakati wa kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, ukikosa siku mbili tu majani yanalala, na unayaona ukitoka kwenda kazini.

Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, nayo ina kalenda yake. Wavuvi wanaivuta kwa taa usiku, na mwezi ukijaa ziwa lote lina mwanga, samaki wametawanyika, taa haina kazi. Siku hizo usiende sokoni kubishana bei na mama wa watu, ngoja mwezi upungue. Samaki hao wenyewe si wenyeji: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukizipata mbichi, osha, tia chumvi, zianike saa moja upepo uzikaushe, kisha kaanga kidogo kidogo. Ukizitupa zote pamoja mafuta yanapoa na unapata uji wa samaki.

Umeme ukikatika, usikimbilie kulala. Mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, kama mvua imeshapita na mawingu yamefunguka, simama nje uangalie juu kabisa. Zile nyota tatu zilizopangana mstari, mshipi wa Orioni, zitakuwa juu ya utosi wako, kwa sababu Goma iko karibu sana na ikweta. Upande wa kaskazini-magharibi utaona Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ambazo wakulima walizitazama kujua msimu. Fuata mstari wa mshipi kwenda kusini-mashariki, utakuta Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Mwanga wake unaoingia jichoni mwako ulitoka huko miaka 8 na nusu iliyopita. Jiulize mwaka huo ulikuwa unaishi wapi na unampenda nani. Tena chuma kilicho ndani ya damu yako kilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijakuwepo. Wapo wanaosema asiyeamini hawezi kustaajabu. Wapeleke nje usiku.

Kuna na zoezi la daftari. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya watu walioandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu yake. Hata baada ya miezi sita, kwa wastani walikuwa na furaha kuliko mwanzo. Siri iko kwenye ile sababu. Usiandike "afya, familia, chakula", maana ukirudia hivyo kila siku linakuwa rozari la mtu anayesinzia. Andika: "Fundi viatu amenishonea kamba bila kudai hela, kwa sababu juzi nilimshikia mwavuli." Ukiona unaanza kuandika kwa kulazimisha, fanya mara moja kwa wiki, inatosha.

Kuhusu watu. Hapa kwetu hawakuulizi kama unasali, wanakuuliza unasali wapi. Jibu "siku hizi sisali" kisha nyamaza, uulize habari za watoto. Usianze mabishano ndani ya teksi, wala mbele ya mtu aliyefiwa, wala siku ya sikukuu mezani kwa mama yako. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, lakini katiba haikai na wewe jikoni mama anapolia. Yeye mpe muda. Anachoogopa zaidi ni kwamba utapotea kwa watu, kwa hiyo akuone kwa watu.

Kwenye kilio nenda wa kwanza. Wakisimama kusali, simama nao, mikono chini, kimya. Huo si unafiki, ni heshima kwa aliyelala pale. Halafu beba viti, chota maji, osha sahani, toa mchango wako mapema. Maneno ya "Mungu amempenda zaidi" huna, na usiyaazime. Sema jambo moja hasa ulilolijua la marehemu, jinsi alivyocheka au alivyofunga duka lake. Wafiwa wanalishika hilo kuliko mahubiri.

Na kifo chetu wenyewe? Mwanafalsafa Epikuro wa Athene, miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, alifundisha ndani ya bustani yake kwamba kifo hakituhusu: tukiwepo hakipo, kikiwepo sisi hatupo. Hoja hiyo kwangu inatosha kwa kifo changu. Kwa kifo cha mtu unayempenda haitoshi hata kidogo, na anayekuambia inatosha hajazika mtu. Huko hakuna dawa zaidi ya kukaa pamoja, na ndiyo sababu nyingine ya kuzoea kuwaita watu nyumbani wakati ambapo hakuna msiba.

Jambo la mwisho, nalisema wazi. Haya yote ni ya mtu ambaye maisha yamemchosha kidogo. Kama wiki mbili zinapita huli, hulali, na hata kitu ulichokipenda hakikugusi, au unawaza kujidhuru, usikaange kahawa, tafuta daktari au muuguzi wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Hapa Bukavu watu wanakwenda SOSAME, kituo cha afya ya akili. Huko Goma uliza kwenye hospitali yoyote kubwa. Ugonjwa huo unawapata wanaosali na wasiosali, na miaka hii, kwa yanayotokea mkoani kwetu, umewapata wengi.

Nimekufungia kilo moja ya kahawa mbichi. Itakuja na mashua ya wiki ijayo, niambie nani ataipokea bandarini. Inatosha mara tano, kwa hiyo ukiunguza ya kwanza usihuzunike. Sufuria yako ile nyembamba haitafaa, tafuta nzito kule Birere. Na majirani uwaite wawili, mmoja huwa anaghairi.

Ni mimi, ndugu yako wa Bukavu