Barua kwa Zuhura: dawa ya mtoto

South C, Nairobi

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na shemeji pia umsalimie. Huku baridi imetukazia, hata chai haikai na moto.

Nimeusoma ujumbe wako. Daktari anataka mtoto aanze propranololi kwa ajili ya ile hemanjioma ya kope, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, na jirani kakutisha kwamba dawa hiyo ya presha itammaliza mtoto mwenye ini bovu. Jirani hakosi neno! Lakini safari hii hofu yake ina msingi kidogo, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Alama nyingi za aina hiyo hunyauka zenyewe mtoto anavyokua. Yake imekaa pabaya. Ikifunika jicho miezi hii, jicho halitajifunza kuona vizuri, na hemanjioma hukua mbio zaidi kabla ya miezi 5. Kungoja, kwa maoni yangu, ni hatari kuliko dawa. Propranololi ilijulikana kwa kazi hii mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipowapa watoto kwa ajili ya moyo wakaona uvimbe unasinyaa.

Sasa ini. Ndilo linaloivunja dawa hii, kwa hiyo likiwa dhaifu dawa hukawia mwilini, na dozi ya kawaida humzidi mtoto. Watoto wengi hufikishwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku. Wako aanzie chini kabisa, apandishwe polepole huku mapigo ya moyo, presha na sukari vikipimwa. Wakisema alazwe siku za mwanzo, kubali.

Sukari ndiyo inayonitia wasiwasi hasa. Ini ni ghala lake, na la mwanao halina akiba ya kutosha. Propranololi nayo huzuia hicho kidogo kisitoke. Mnyonyeshe kwanza, ndipo umpe dawa, na usimwache alale usiku kucha bila kunyonya. Akitapika au akikataa ziwa, dozi hiyo iruke, umpigie daktari. Ukimwona anatoka jasho jembamba, amelegea, haamki vizuri, mkimbize hospitali. Usingoje moyo uende mbio, maana dawa yenyewe huificha dalili hiyo. Akianza kukorota kifuani, usimpe tena mpaka aonwe.

Muulize daktari pia kuhusu atenololi, dawa ya jamii moja na propranololi. Hiyo hutolewa zaidi na figo, haitegemei ini sana. Si lazima wakubali, ila daktari wa ini na wa ngozi waongee wao kwa wao, usiwe wewe tarishi kati yao.

Mkija kliniki Kenyatta mtalala kwangu, hoteli ya nini? Na uje na chupa zote anazotumia. Kama anapewa rifampisini ya mwasho au fenobabitoni, hizo hulifanya ini liivunje propranololi upesi, na dozi hubadilika. Nataka nizione kabla hamjaingia kwa daktari.

Wako,
Halima