Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamooni, na karibuni sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ina piano moja. Tulipewa ikiwa imekwisha kutumika, na vibao vyake vya katikati vingi havilii. Ukibonyeza unasikia mbao tu. Tulikuwa tumekata tamaa nayo, mpaka mwalimu wetu alipotusimulia habari za Arvo Pärt.

Mtunzi huyu wa muziki alizaliwa mwaka 1935 huko Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, akakulia katika mji mdogo wa Rakvere. Piano ya nyumbani kwao nayo ilikuwa imeharibika katikati, kwa hiyo mtoto alichezea sauti za juu na za chini. Tuliposikia hivyo tulitazamana.

Alisomea muziki Tallinn, mji mkuu wa nchi hiyo, akawa fundi wa kurekodi redioni, huku akitunga muziki mgumu wa kisasa. Mwaka 1968 alitoa Credo, ambamo kwaya inaimba kwa Kilatini kwamba inamwamini Yesu Kristo. Estonia ilikuwa chini ya Wasovieti, na kazi hiyo ikapigwa marufuku. Baada ya hapo, kwa takriban miaka minane, alitunga kidogo mno. Alikaa na nyimbo za kale za watawa, sauti moja isiyo na ala, akijifunza upya namna noti moja inavyofuata nyingine.

Mwaka 1976 ukatoka wimbo wa piano wa kurasa mbili, Für Alina. Tumeujifunza kwa miezi mitatu, kwa hiyo tunaomba tuueleze kwa solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti, kama tunavyoimba kwaya. Unaanza na noti mbili za la za chini kabisa, kanyagio likiwa limeshikiliwa. Kisha mkono wa kulia unaimba kwa noti zote za ngazi, na wa kushoto unaruhusiwa la, do na mi tu. Hakuna alama ya mapigo. Kipande kina noti mbili, kinachofuata tatu, hadi nane, halafu zinapungua moja moja. Mara moja tu mkono wa kushoto unatoka nje na kugusa ti, na hapo Pärt amechora ua kwenye karatasi. Mpigaji wetu akifika kwenye ua hilo, chumba kizima kinashusha pumzi.

Mtindo huo aliuita tintinnabuli, yaani kengele ndogo. Ndio uliozaa tungo za Fratres na Tabula Rasa, zote za 1977. Mwaka 1980 alihama na familia yake, wakaishi Vienna, kisha Berlin. Diski ya Tabula Rasa ya mwaka 1984 ilimtambulisha kwa ulimwengu. Siku hizi nyaraka zake zinatunzwa katika kituo kilichofunguliwa mwaka 2018 huko Laulasmaa, karibu na Tallinn.

Ndugu Mgeni Rasmi, Für Alina inapigika kwenye piano yetu kama ilivyo. Lakini sasa tunataka kujifunza Spiegel im Spiegel, ya fidla na piano. Fidla tunayo, noti za piano zinapita palepale katikati, kwenye vibao visivyolia. Ombi letu ni fundi wa piano, hata kwa siku mbili.

Mwenzetu wa kidato cha tatu yuko tayari kwenye piano. Tunaomba ukimya wa dakika chache.

Tunaomba kuwasilisha.