Nani aliyewaona hawa madaktari wa ushauri wakishauri?

Mhariri,

Ile taarifa yenu kuhusu wanafunzi wa uzamifu (PhD) wa saikolojia ya ushauri, iliyopambwa na picha ya majoho na tabasamu, imenilazimu kushika kalamu. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kumsumbua mtu. Lakini mlipoandika kwamba wahitimu hao wamethibitishwa kuwa mahiri kwa sababu wote wametetea tasnifu zao mbele ya jopo, niliona nikinyamaza nitakuwa nimekubali.

Kutetea tasnifu ni kutetea karatasi. Mtu anaweza kuchambua takwimu za huzuni ya wajane mia tatu, akajibu wanajopo bila kutoa jasho, na bado asijue la kufanya mjane mmoja akinyamaza mbele yake. Hata dereva, akishamaliza kusukuma vigari vya kuchezea kwenye ubao, hupandishwa gari la kweli na mtahini akaketi kando yake.

Mimi nafanya ushauri nasaha hapa Nakuru tangu wakimbizi wa ndani walipopiga hema katika uwanja wa maonyesho mwaka wa 2008. Nina stashahada, basi. Ila kwa kuwa nina chumba na muhuri, vyuo huniletea wanafunzi wao wa uzamifu wafanye mazoezi ya kazi chini yangu, kisha niwajazie fomu. Yaani mwenye stashahada ndiye anayempima daktari mtarajiwa. Ningeona fahari, kama kungekuwa na mtu anayesoma ninachoandika.

Mmoja wao alikuja na tai, adabu na kishikwambi. Nikamkalisha na mama muuza mboga ambaye bintiye alikuwa wodini, amenusurika baada ya kujaribu kujiua. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mama huyo asijulikane, hilo nalo ni sehemu ya umahiri.) Mimi nikakaa pembeni, karibu na dirisha. Kijana akafungua dodoso lake: katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Mama akajibu huku akisokota ncha ya leso. Ni mara ngapi umepata shida ya kulala? Mama akasema halali kabisa, kwa sababu kila usiku huamka kuangalia kama ile dawa ya kunyunyizia nyanya bado iko juu ya kabati. Kijana akagusa kioo, "karibu kila siku", akasonga mbele: je, uchovu? Uchovu, Mhariri! Sumu ile ile bado imo nyumbani, msichana ataruhusiwa kutoka keshokutwa, na daktari wetu mtarajiwa anauliza habari za uchovu! Niliingilia. Nikamuuliza mama ni jirani gani anayemwamini, tukampigia simu pale pale, na chupa ikaondolewa ndani ya nyumba kabla jua halijatua. Kijana aliyaandika yote. Ana hati nzuri sana.

Simlaumu yeye. Nadharia anazijua kunishinda, na aliniambia mwenyewe kwamba tangu aanze kusomea kazi hii hakuna mwalimu aliyewahi kuketi chumba kimoja naye akiwa na mteja. Mhadhiri wake alipokuja kumkagua, alifika karibu na saa ya chakula cha mchana. Chumba cha ushauri hakukiingia. Alikunywa chai, akalisifu ziwa, akauliza muhuri uko wapi. Nilikuwa nimempa kijana mbili kwa tano penye kutambua hatari. "Madam, hii mbili itatusumbua," akasema, "si uweke hata nne? Kijana amebakisha kutetea tu." Nikakataa. Baadaye nikasikia amefuzu, maana mihuri mjini ni mingi.

Wala si kwamba njia haijulikani. Mapema miaka ya 1940 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alikuwa akirekodi vikao kwenye santuri huko Ohio, wanafunzi wasikie mshauri anavyosema hasa, si anavyokumbuka kusema. Leo kila mtu ana simu ya kurekodi mfukoni, na mteja akiombwa ridhaa vizuri, wengi hawakatai. Mwaka wa 1975 mwalimu wa utabibu Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, alianza kuwapitisha wanafunzi wa utabibu kituo baada ya kituo, mtahini akiwatazama wakifanya kazi. Mwaka wa 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya utabibu, akapanga ngazi nne za umahiri: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Fomu ninazoletewa huishia ngazi ya pili, halafu zinaruka hadi jina "Dkt." kwenye bango la barabarani.

Na tukiwa hapo hapo, haya mambo ya vizibao. Ajali ikitokea Sachangwan, au kama ile ya Londiani ya Juni 2023, washauri hujaa wakiwa na vizibao vinavyong'aa, na kamera zikiondoka nao wameondoka. Miezi mitatu baadaye, mtu akianza kusikia breki usingizini, anakuja kwangu, katika chumba ambacho nusu yake imegeuzwa stoo ya katoni za glavu. Hilo nalo mngeandika.

Tuna Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia kwa sheria ya 2014. Naiomba iketi na vyuo waagize jambo moja dogo. Kabla ya tasnifu kutetewa, waajiri mwigizaji mmoja mzuri hapa mjini, wapo, na wanatafuta kazi. Aigize mama aliyekataa kusema. Dakika arobaini na tano, bila meza katikati, kishikwambi kibaki nje kwa bawabu. Mtahini akae kwenye kiti cha tatu, asisinzie, na anayeweka alama awe ni yeye aliyeona. Akishindwa kufika kwa sababu ya msongamano wa magari Gilgil, mtihani uahirishwe, si alama zikisiwe.

Chai nitatoa mimi. Muhuri nimeufungia kwenye droo, na ufunguo natembea nao.

Mshauri nasaha,
Nakuru