Kidigo kisifukuzwe kwenye Maulidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililonihuzunisha Mfungo Sita uliopita, Maulidi yaliposomwa kijijini kwetu, wilayani Mkinga. Usiku wa kuamkia shughuli akina mama walikuwa uani wakiandaa chakula cha wageni. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, alianzisha wimbo wa Kidigo, lugha yetu Wadigo, wa kuwapokea wageni, na wenzake wakawa wanamwitikia huku wakipepeta mchele. Hawakufika ubeti wa tatu, mjumbe mmoja wa kamati akaja kuwanyamazisha, akisema nyimbo za kikabila ni ujahili na hazifai penye shughuli ya dini. Wakanyamaza. Kilichobaki kusikika ni meno ya mbuzi yakikwaruza vifuu.

Mimi ni Mwislamu, na sitetei matambiko; wanaokwenda kutambika katika mapango ya Amboni wana lao, nami sisemi liletwe msikitini. Lakini wimbo ule ulimsalia Mtume na kuwaombea wageni salama ya njiani, kwa hiyo kosa lake lilikuwa lugha tu. Ikiwa lugha ndiyo kosa, basi Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi wa Lamu, naye alikosea alipoitia Barzanji, kisomo cha Maulidi cha Kiarabu, katika mashairi ya Kiswahili, na sijamsikia mwanachuoni yeyote akisema hivyo.

Vijana wetu walioko Dar es Salaam na Mombasa hurudi nyumbani kwa Idi na Maulidi, na kwa wengi wao hizo ndizo siku pekee wanazokaa na wazee wao. Tukikifukuza Kidigo siku hizo, watakisikia wapi tena? Ndugu zetu wa Kwale, Kenya, wametutangulia: Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, na wenyeji wake ni Waislamu kama sisi. Huku kwetu mtoto husemeshwa Kidigo na bibi yake, akajibu kwa Kiswahili.

Nimeanza kuandika beti alizonazo mama mkubwa kichwani, na hadi sasa zimefika kumi na moja. Naiomba kamati ya mwaka huu impe nafasi aziimbe mwenyewe, mbele ya watoto wa madrasa, kabla zefe, yaani maandamano ya Maulidi, halijaondoka.

Msomaji wako,
Mkinga, Tanga