Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Akina Mama wa Maombi, Mwaka 2025

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa ndugu zetu wa parokia, Tumsifu Yesu Kristo! Baba paroko, wachungaji, walezi wetu na akina mama wenzangu, asanteni kwa kufika licha ya mvua hii ya Mbeya isiyopiga hodi.

Kwa miaka mingi umoja wetu umekuwa ukiitwa penye shida. Akiwepo mgonjwa, msiba au ndoa inayoyumba, simu zinapigwa, tunajifunga kanga, tunakwenda. Lakini mtoto akifaulu, mtu akitoka hospitalini, mahindi yakikubali, kila mmoja amekuwa akimshukuru Mungu nyumbani kwake. Kapu letu la maombi lilijaa vikaratasi vya "niombeeni" peke yake. Ndiyo maana kamati ilikubaliana mwanzoni mwa mwaka kwamba kila mkutano wa mwezi uanze na shukrani, kapu lifuate.

Si wote waliopenda. Wapo waliosema muda utaliwa, na wapo waliosema ushuhuda hugeuka majivuno. Hoja hii ya pili ina ukweli wake: tumeshasikia ushuhuda wa gari jipya ambamo Mungu alitajwa mwishoni kabisa, baada ya bei. Kwa hiyo tuliweka utaratibu kwamba anayeshukuru aseme kwa kifupi, asitaje fedha, na akimaliza tumwombee yeye kabla ya kuendelea. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na bado anasema, "sikuzote kila niwaombeapo ninyi nyote nasema sala zangu kwa furaha, kwa sababu ya ushirika wenu katika kuieneza Injili." Hakungoja afunguliwe ndipo afurahi, na furaha yenyewe aliipata kwa watu aliokuwa akishirikiana nao katika kazi.

Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, tuliiadhimisha kwa kuzunguka: Wamoraviani, Walutheri, Waanglikana, kisha parokiani. Mwaka huu ni miaka 1700 tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ule mkutano mkuu wa maaskofu uliotupa kanuni ya imani, na maandiko ya wiki hiyo yalitayarishwa na jumuiya ya wamonaki wa Bose, Italia, wakachukua swali la Yesu kwa Martha: "Je! Unayasadiki hayo?" Mahudhurio ya jioni mbili za kwanza yalikuwa hafifu. Tusifichane, tulichelewa kutangaza.

Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi, ndiyo iliyotufungua. Tarehe 7 Machi tuliomba kwa liturujia iliyoandikwa na akina mama wa Visiwa vya Cook, nchi ya visiwa 15 katika Bahari ya Pasifiki, kwa msingi wa Zaburi ya 139: "Nitakushukuru kwa kuwa nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha." Mvua ilishuka katikati ya masomo. Mnajua mabati ya ukumbi ule: msomaji alionekana midomo ikicheza tu. Bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye hata kijitabu hakuwa nacho, akaanza pambio. Benchi la pili likapokea, na ngoma ikatolewa stoo. Mvua ilipopungua tukarudi kwenye kijitabu pale tulipoachia. Mpaka leo wapo wanaosalimiana sokoni Mwanjelwa kwa "Kia orana" ya akina mama wale, na wauza nyanya wamezoea.

Sasa jambo la mkutano wa Juni, kwa kuwa limesemwa sana pembeni. Mwanachama mmoja alisimama kushukuru kwa mjukuu aliyesubiriwa muda mrefu, vigelegele vikapigwa. Kwenye mkeka uleule alikuwapo mwenzetu aliyetoka kuzika. Alinyanyuka akatoka nje. Dada wawili wakamfuata, wakakaa naye chini ya mwembe bila kumhubiria, na wakati wa chai akarudi akaketi karibu na huyo bibi mpya. Sikusikia walichozungumza.

Baada ya hapo nililetewa pendekezo kwamba shukrani zihamishiwe siku yake, ili wenye huzuni wasiumizwe. Nilisikiliza, nikakataa, na leo nasema sababu mbele yenu wote. Warumi 12:15 inasema, "Furahini pamoja nao wafurahio; lieni pamoja nao waliao." Yote mawili yamo katika mstari mmoja. Tukitenga siku ya vicheko na siku ya machozi, wenye machozi watabaki peke yao siku yao, maana tunajijua. Ninachokubali ni kwamba kiongozi wa zamu aulize mapema nani ana msiba, na pawe daima na watu wawili wa kukaa naye. Utaratibu huo umeanza.

Mengine kwa haraka. Mikesha iliendelea, spika inazimwa saa nne usiku, na majirani wameacha kulalamika. Mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu. Mabinti bado ni wachache, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba tunawaita kuosha vyombo kabla ya kuwaita kuomba.

Siku ya Maombi ya Dunia ijayo ni Ijumaa, tarehe 6 Machi 2026. Liturujia imeandaliwa na akina mama wa Nigeria, kutoka Mathayo 11: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Safari hii masomo yote yasomwe na mabinti. Zamu ya kupika pilau ni ya Waanglikana, mchele na viungo tuchangie wote, na majina ya wasomaji yamfikie katibu kabla Januari haijaisha.